Mwizi wa Jumamosi: kwa nini Hitler hakuzuiwa mapema

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu wa kidato cha nne amerudi na swali la historia likanishinda. Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulimkataza Mjerumani kuwa na jeshi kubwa, kuweka askari karibu na mpaka wa Ufaransa, na kuungana na Austria. Hitler akayafanya yote hayo ndani ya miaka mitano, mchana kweupe, na Waingereza na Wafaransa wakamtazama tu. Walikuwa waoga, au kuna jambo ambalo vitabu vyetu havisemi?" Msomaji, Morogoro.

Marahaba, ndugu yangu. Neno "waoga" liweke pembeni kwanza, tutalirudia. Tuanze na kalenda.

Hitler aliitoa Ujerumani kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na kwenye mkutano wa kupunguza silaha tarehe 14 Oktoba 1933. Tarehe 16 Machi 1935 alitangaza kwamba vijana wa Kijerumani wataandikishwa jeshini kwa lazima. Tarehe 7 Machi 1936 aliingiza askari Rhineland, ukanda unaopakana na Ufaransa ambako mkataba ulimkataza kuweka hata kambi moja. Tarehe 12 Machi 1938 jeshi lake likavuka kuingia Austria. Zitafute tarehe hizo kwenye kalenda ya zamani: zote nne ni Jumamosi. Mawaziri wa Uingereza wa enzi hizo ikifika Ijumaa jioni walishaondoka London kwenda kupumzika kwenye majumba yao ya shamba. Ofisini walibaki wa zamu, na mpaka wakubwa wakusanyike Jumatatu, jambo lilikuwa limeshalala siku mbili.

Nimeanza na hilo ili uone kwamba Hitler mwenyewe hakuamini kuwa hazuiliki. Mtu anayevizia saa ambayo watu wa nyumba wamekwenda harusini anajua fika kwamba wakiwepo atapata taabu. Ajabu inakuja baadaye: wenye nyumba wanarudi, wanakuta kabati liko wazi, halafu wanaanza kuulizana wao kwa wao kama kile kilichochukuliwa hakikuwa cha mwizi huyo huyo tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, kiini cha jibu kimo hapo. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakuuliza maswali hayo, na ni vizuri tumtaje mapema.

Mwezi Julai 1934 Wanazi wa Austria walivamia ofisi ya kansela wao, Engelbert Dollfuss, mjini Vienna, wakampiga risasi. Alikufa humo humo ofisini akivuja damu, bila daktari wala padri. Mkewe na watoto walikuwa Italia kwa mapumziko, wageni wa Mussolini, mtawala wa Italia, na ni Mussolini aliyempa mama yule habari za msiba. Kisha akasogeza divisheni zake hadi njia ya Brenner, mpakani na Austria. Hitler akaruka kimanga. Akasema hahusiki, akambadilisha balozi wake wa Vienna, na Austria ikapumua kwa karibu miaka minne. Italia haikufyatua hata risasi moja. Naam, wa kwanza kumrudisha Mnazi nyuma alikuwa fashisti. Jina lake liweke akilini, tutalihitaji.

Sasa turudi kwenye kabati. Vitabu vya shule hueleza mkataba wa Versailles wa 1919 kama ukuta uliobomolewa na Hitler. Ukweli ni kwamba alipokuwa kansela, tarehe 30 Januari 1933, nusu ya ukuta walikuwa wameshaibomoa wale wale walioujenga. Majeshi ya washindi yalipaswa kukaa Rhineland miaka kumi na mitano. Ya mwisho yaliondoka Juni 1930, miaka mitano kabla ya muda. Fidia ya vita, iliyopangwa mwaka 1921 kuwa marki za dhahabu bilioni 132, ilifutwa karibu yote kwenye mkutano wa Lausanne katikati ya 1932. Desemba ya mwaka huo huo Uingereza, Ufaransa, Italia na Marekani zikakubali kimsingi kwamba Ujerumani ina haki sawa na wengine katika suala la silaha. Hitler hajashika hata kiti. Mlango aliukuta umeegeshwa.

Waliuegesha kwa sababu wengi wao, hasa Uingereza, walikuwa wamefikia kuamini kwamba mkataba ulikuwa wa uonevu. Hilo lilisemwa na wachumi, maaskofu, walimu wa vyuo vikuu, wanasiasa wa kushoto na wa kulia. Na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Rais Wilson wa Marekani alikuja Paris na kanuni kwamba kila taifa lijiamulie mambo yake. Kwa kanuni hiyo zikachorwa Poland, Chekoslovakia na Yugoslavia. Waaustria, ambao lugha yao ni Kijerumani, walipotaka kuungana na Ujerumani mwaka 1919 wakaambiwa hapana. Wajerumani wapatao milioni tatu wa Sudeti, eneo la mpakani na Ujerumani, wakajikuta raia wa Chekoslovakia bila kuulizwa. Kanuni nzuri, ila aliyeshindwa hakutiwa ndani yake.

Hitler alilijua jeraha hilo, akalitumia kama wakili anayemsomea mpinzani barua aliyoiandika mwenyewe. Tarehe 17 Mei 1933 alihutubia bunge la Berlin kwa sauti ya upole. Alizungumza kama askari wa zamani wa mahandaki anayejua vita ni nini, akasema Ujerumani haitaki kumfanya Mpoland au Mfaransa awe Mjerumani. Inataka usawa tu: ninyi punguzeni silaha mfikie kiwango chetu, au mturuhusu tufikie chenu. Nani angempinga, na kwa maneno gani? Kila neno alilotumia lilikuwa la kwao.

Utaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamhusu mtu aliyeuona ufa akapuuza. Hawa waliona mlango ambao, kwa maoni yao, haukupaswa kufungwa tangu awali.

"Lakini si alikuwa ameandika?" Ndiyo, tangu 1925 alikuwa ameandika kwamba Wajerumani wanahitaji ardhi ya mashariki, na siku nne baada ya kushika madaraka aliwaambia majenerali wake hayo hayo faraghani. Ila watu wa mataifa mengine walizoea kwamba mwanasiasa hunguruma akiwa nje, na akiingia ofisini hupoa. Tena Januari 1934 alisaini na Poland mkataba wa miaka kumi wa kutoshambuliana. Poland! Nchi ambayo kila Mjerumani mzalendo alikuwa anaililia ardhi yake. Ukiwa balozi London na umeona hayo, unamwandikia waziri wako nini?

Hapa naomba tuvuke bahari tuje upande wetu, kwa sababu vitabu vingi huiweka vita ya Ethiopia kwenye sura moja na Hitler kwenye sura nyingine, kana kwamba ni dunia mbili. Mimi nimefundisha hivyo hivyo miaka mingi, na najuta.

Aprili 1935, mwezi mmoja baada ya Hitler kutangaza jeshi la lazima, wakuu wa Uingereza, Ufaransa na Italia walikutana Stresa, kando ya ziwa Maggiore. Walikuwa na nguvu ya kumziba mdomo. Wakatoa tamko kwamba watapinga yeyote atakayevunja mikataba kwa namna inayohatarisha amani "ya Ulaya". Maneno hayo mawili yalitiwa kwa matakwa ya Mussolini. Wakati huo meli zake zilikuwa zinashusha askari Eritrea na Somalia, na kila aliyekaa mezani pale alijua. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Afrika. Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Pierre Laval, alikuwa ameshamwonyesha Mussolini, mjini Roma mwezi Januari, kwamba Ufaransa haina shida na mipango yake ya Ethiopia. Nao Waingereza, miezi miwili tu baada ya Stresa, wakasaini peke yao mkataba na Hitler wa kumruhusu ajenge manowari hadi asilimia 35 ya za kwao, kinyume kabisa na Versailles, bila ridhaa ya Ufaransa. Waliusaini tarehe 18 Juni, siku ya kumbukumbu ya Waterloo. Wafaransa hawakulichukulia hilo kama bahati mbaya.

Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia ikaivamia Ethiopia. Safari hii Shirikisho la Mataifa lilitenda: nchi wanachama zipatazo hamsini zikakubali kuiwekea Italia vikwazo. Sasa soma orodha ya bidhaa ambazo Italia haikuruhusiwa kuuziwa. Utakuta mpira, bati, alumini, nyumbu, punda, ngamia. Mafuta hayamo. Jeshi la Mussolini linapanda milima ya Tigray kwa malori na kuangusha mabomu kwa ndege, na dunia imemnyima punda! Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba wangemnyima mafuta, ingembidi aondoke Ethiopia ndani ya wiki moja. Mfereji wa Suez, uliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, ulibaki wazi. Meli za askari wa Kiitalia zilipita humo na kulipa ushuru wa mfereji kama meli nyingine yoyote.

Desemba, Laval na waziri mwenzake wa Uingereza, Samuel Hoare, wakapika kwa siri mpango wa kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili anyamaze. Magazeti ya Paris yakauanika, wananchi wa Uingereza wakawaka, Hoare akajiuzulu. Basi wakabaki katikati: hawakumpa, hawakumzuia. Vikwazo vilimuudhi Mussolini kiasi cha kumsukuma mikononi mwa Hitler, lakini havikumuumiza kiasi cha kumtoa Ethiopia. Hitler naye, kwa ujanja ambao huwa nauona wa kishetani kweli, alimpa Haile Selassie silaha kwa siri ili vita irefuke, na huku akimuuzia Mussolini makaa ya mawe ili asishindwe. Januari 1936 Mussolini alimwambia balozi wa Ujerumani mjini Roma kwamba hatakuwa na kinyongo Austria ikiangukia chini ya kivuli cha Berlin. Yule mlinzi wa Brenner alikuwa ameacha lindo.

Miezi miwili baadaye ikaja ile Jumamosi ya Rhineland.

Kuna mkataba mwingine hapa ambao kijana wako asiusahau kwenye mtihani: Locarno, 1925. Versailles Wajerumani waliusaini kwa kulazimishwa, lakini Locarno waliusaini kwa hiari yao. Ulisema Rhineland itabaki bila askari, na ulikuwa na wadhamini wawili: Uingereza na Italia. Mwezi Machi 1936 mdhamini wa pili alikuwa anamwaga gesi ya sumu juu ya askari na wanakijiji wa Ethiopia, na amewekewa vikwazo na mdhamini wa kwanza. Mdaiwa gani hangeona kwamba hiyo ndiyo siku ya kuchana hati ya deni?

Mchana wa tarehe 7 vikosi vikavuka daraja la Hohenzollern mjini Cologne, chini ya minara ya kanisa kuu. Wanawake waliwarushia maua. Muda huo huo Berlin, Hitler alikuwa anawatangazia wabunge wake, nao wakalipuka kwa vifijo. Askari wenyewe hawakuwa wengi: elfu ishirini na kitu wa jeshi, pamoja na polisi waliogeuzwa askari wa miguu. Waliovuka mto Rhine na kusogea kuelekea mpaka wa Ufaransa walikuwa batalioni tatu tu, moja Aachen, moja Trier, moja Saarbrücken. Waziri wake wa vita, Jenerali Blomberg, alipoletewa taarifa za wasiwasi kutoka ubalozi wa London, alitaka batalioni hizo zirudishwe. Hitler alikataa. Baadaye mkalimani wake alimsikia akisema kwamba saa 48 zilizofuata ndizo zilizomkaza mishipa kuliko zote maishani mwake.

Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na nini? Serikali ya Albert Sarraut, ya kushikilia tu, wiki saba kabla ya uchaguzi mkuu. Hazina ilikuwa inaishi kwa mikopo ya muda mfupi, na sarafu yao ilikuwa inayumba kila vita inapotajwa. Sarraut alizungumza redioni kwa ukali, akasema hawatauacha mji wa Strasbourg chini ya mizinga ya Wajerumani. Kisha akawageukia majenerali: tufanye nini? Jenerali Gamelin akamjibu kwamba jeshi la Ufaransa halina kikosi cha kutoka haraka kwenda kufukuza batalioni tatu. Limeundwa ama liite mamilioni ya akiba kutoka mashambani na viwandani, ama likae ndani ya ngome zake. Taarifa zao za ujasusi zilikuwa zimewahesabu polisi, vibarua wa serikali na wanamgambo wa chama, wakafikisha karibu laki tatu. Hapo ndipo mambo yalipokwamia. Ulikuwa uchaguzi kati ya kuitikisa nchi nzima na kuandika barua ya malalamiko, na katikati hapakuwa na kitu.

Wakaigeukia London. Anthony Eden, waziri mpya wa mambo ya nje, anasimulia kwamba dereva wa teksi aliyempakia Jumatatu ile alimwambia: Mjerumani si anafanya atakalo uani kwake mwenyewe tu? Sentensi hiyo ya dereva ina historia nzima ndani yake. Rhineland ilikuwa Ujerumani. Watu wake Wajerumani, miji yake ya Kijerumani, maua yalirushwa na akina mama wa Kijerumani. Utamwambia nini mama wa Manchester aliyempoteza mume mwaka 1916, kwamba mwanawe sasa aende akafe ili kuwazuia Wajerumani kukaa Ujerumani? Na siku hiyo hiyo, ndani ya hotuba hiyo hiyo, Hitler alikuwa ameweka zawadi mezani: mkataba wa miaka 25 wa kutoshambuliana na Ufaransa na Ubelgiji, na kurudi kwenye Shirikisho la Mataifa. Ndiyo ulikuwa mtindo wake, ngumi kwa mkono mmoja na pipi kwa mwingine, na watu wazima wakatumia wiki kadhaa kuijadili pipi.

Tarehe 19 Machi baraza la Shirikisho, likiwa London, likapitisha azimio kwamba Ujerumani imevunja mkataba. Ikaishia hapo. Hitler akawaitisha Wajerumani kwenye kura, ikatangazwa kwamba asilimia 98.8 wamemuunga mkono.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba brigedi moja ya Kifaransa ingetosha kumwangusha siku ile. Mimi siipendi hadithi hiyo. Wajerumani hawakuwa wamepanga kukimbia tu, wangerudi nyuma wakipigana, na hakuna anayejua vita ikianza inaishia wapi. Lakini nakubali hivi: kabla ya Machi 1936 Ufaransa ingeweza kuingia Ujerumani kumwokoa rafiki yake Mcheki au Mpoland. Baada ya hapo Hitler akaanza kujenga ngome mpakani, Ubelgiji ikajitoa kwenye ushirika na Ufaransa ikarudi kuwa nchi isiyofungamana, na ahadi zote za Paris kwa nchi za mashariki zikabaki karatasi. Wacheki walishindwa mwaka 1936. 1938 waliletewa taarifa tu.

Ya Uingereza nitayapitia haraka. Hadi 1932 bajeti ya jeshi lao ilikuwa inapangwa kwa dhana kwamba hakutakuwa na vita kubwa kwa miaka kumi ijayo, na kila mwaka waliisogeza miaka kumi mbele. Walipoamka walikuta Japani imeshachukua Manchuria, Italia imekaa kwenye njia ya Mediterania na Ujerumani inaunda ndege. Wakuu wa majeshi wakawaambia wanasiasa kwamba hawawezi kupigana na hao watatu kwa pamoja, basi mtafute wa kupatana naye. Kanada na Afrika Kusini hazikutaka kusikia habari ya vita vya Ulaya. Marekani ilikuwa imejifungia kwa sheria za kutofungamana. Stalin alikuwa anawapiga risasi makamanda wake mwenyewe, na hata asingekuwa anafanya hivyo, wahafidhina wengi wa London walimwogopa yeye kuliko Hitler.

Kipande kinachotuhusu sisi hukisikii mara nyingi. Kati ya madai ya Hitler yalikuwamo makoloni ya zamani, Tanganyika ikiwamo, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Wajerumani walikuwa wamesharuhusiwa kurudi tangu 1925, wana mashamba Usambara, Oldeani na Iringa, na chama cha Nazi kilikuwa na matawi huku huku. Mwaka 1936 London iliunda kamati kuchunguza kama makoloni hayo yanaweza kurudishwa. Tarehe 3 Machi 1938 balozi wa Uingereza, Nevile Henderson, alikaa mbele ya Hitler akamtolea pendekezo: Ujerumani ipewe sehemu katika utawala wa ukanda mpana wa Afrika ya kati, mradi Ulaya itulie. Hitler alisikiliza kwa uso mkavu, akasema habari ya makoloni inaweza kungoja miaka minne, sita, minane, hata kumi. Siku tisa baadaye aliingia Austria. Msambaa au Mhehe hakuwa na habari kwamba bara lake linanadiwa mezani Berlin, na kwamba limekosa mnunuzi.

Austria yenyewe ilichukuliwa kwa simu zaidi kuliko kwa bunduki. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imejiuzulu siku mbili kabla. Waziri mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, alikuwa anakula chakula cha mchana na Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Hitler, habari zilipoletwa. Mtu pekee aliyemnyima Hitler usingizi alikuwa Mussolini, na usiku wa tarehe 11 mjumbe akapiga simu kutoka Roma kwamba Duce, yaani Mussolini, amekubali. Hitler akajibu, karibu kwa machozi, kwamba hatamsahau kwa hili, kamwe, kamwe. Hiyo ndiyo bei halisi ya wale punda na ngamia. Vienna ikarusha maua. Kwenye Shirikisho la Mataifa, Mexico ndiyo iliyopeleka malalamiko.

Munich, Septemba 1938, mkutano ambako Uingereza, Ufaransa na Italia zilimkubalia Hitler aichukue Sudeti, kijana wako ataukuta kwenye kila kitabu, kwa hiyo nitampa jambo moja tu. Wanadiplomasia wawili wa Chekoslovakia, Mastný na Masařík, waliletwa mjini wakawekwa hotelini chini ya macho ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakati wengine wanakata nchi yao vipande. Usiku wa manane umepita ndipo walipoitwa wakakabidhiwa hati iliyokwisha kusainiwa. Masařík aliandika kwamba wakati wa maelezo hayo Chamberlain alikuwa anapiga miayo mfululizo, wala haoni haya.

Sasa lile neno la woga. Chamberlain alikuwa na miaka 69 na karibu hajawahi kupanda ndege alipopanda kwenda kumkabili Hitler nyumbani kwake, akarudi, akaenda tena, akaenda mara ya tatu. Mwoga hafanyi hivyo. Kosa lake lilikuwa majivuno: aliamini kwamba akikaa na mtu ana kwa ana anaweza kumpima, na alimpima vibaya. Édouard Daladier wa Ufaransa hakujidanganya hata hivyo. Aliporudi Paris kutoka Munich na kuuona umati uwanjani, alidhani wamekuja kumpiga. Walikuwa wamekuja kumshangilia. Hao waliomshangilia wanatoka kwenye nchi iliyozika watu wapatao milioni 1.4 kwenye vita iliyopita, ambako hata kijiji kidogo kina jiwe lenye majina ya vijana wake katikati ya uwanja. Ukitaka kuwaita waoga, mimi sitakufuata. Walikuwa wanaulizwa walipe gharama wanayoijua kwa hesabu kamili, ili kuepuka hasara ambayo bado hakuna aliyeiona.

Kilichokuja kubadilisha mambo ni Jumatano, tarehe 15 Machi 1939. Theluji ilikuwa inaanguka Prague. Hitler alikuwa ameahidi kwamba Sudeti ndiyo dai lake la mwisho Ulaya, na sasa magari yake ya kijeshi yalikuwa yanapita katikati ya mji wa Wacheki, watu ambao si Wajerumani kwa lugha, kwa damu wala kwa hesabu yoyote. Ile barua ya usawa na ya kujiamulia haikuwa na ukurasa wa kuisomea hapa. Siku hiyo bungeni Chamberlain bado alizungumza kwa ulegevu. Siku mbili baadaye, Birmingham, aliuliza hadharani kama hii ni hatua ya kutaka kuitawala dunia kwa nguvu, na kabla ya mwezi kwisha Uingereza ilikuwa imeiahidi Poland kuilinda. Mwonyeshe kijana picha za siku ile ya theluji, halafu azilinganishe na zile za Cologne. Watu wamepanga foleni kando ya barabara vile vile, wengine wamekunja ngumi, wengine wanalia, na mikononi mwao hakuna ua hata moja.